Siku Niliyoinyunyizia Kompyuta Marashi

Nasema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana najua hapa Baleni mkasa huu unauzwa kila jioni kwenye mabenchi ya kahawa na kila muuzaji anautia chumvi yake: ndiyo, mimi Hatibu, mtu mzima mwenye wajukuu, niliyejenga nyumba ya matofali kwa mikono hii bila kushikwa mkono na mtu, nilikimbia kompyuta. Sikuondoka wala sikutoka kwa haraka. Nilikimbia, tena nikawapita watu waliokuwa wamekaa karibu na mlango kuliko mimi, na mmoja wao ni bibi kizee mwenye mkongojo (amekwisha nisamehe, lakini kila nikipita ananitazama miguu).

Shule niliiacha darasa la pili. Nilikwea minazi ya watu kwa ujira, nikauza makumbi, nikauza mafuta ya nazi, nikafungua duka, na leo hao waliomaliza shule wanakuja kwangu kupiga picha za paspoti na kutoa kopi za vyeti vyao. Kusoma najua, ila nasoma kama mtu anayetembea juu ya mwamba maji yakiwa yametoka, natia mguu mmoja, nasimama, natazama, ndipo natia wa pili. Kiingereza sikisomi. Nikikiona nakipita.

Kompyuta ya duka, lile sanduku kubwa la zamani la kukaa mezani, aliyekuwa akiiendesha ni shemeji yangu Mbaraka, mume wa mdogo wangu Mwanahawa. Mbaraka nilikua naye, tumetahiriwa siku moja, na mimi ndiye niliyemwozesha ndugu yangu. Kila alfajiri akitoka msikitini anakaa mbele ya mashine, anarekodi matangazo ya kijiji, anaipangia itoe saa mbili asubuhi, halafu huyo anakwenda zake shambani kwenye muhogo. Ikifika saa mbili, ile spika ya honi iliyo juu ya paa langu inasema na kijiji kizima huku mwenyewe yuko na jembe. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, na kikohozi kidogo mwanzoni, kama mtu anayebisha hodi. Na kila tangazo, liwe la msiba, liwe la mkutano, alilimaliza kwa utani wake ule ule: "Na wewe Mwanahawa, niwekee chakula, nakuja." Watu wakicheka. Mdogo wangu akijifanya kanuna, lakini mume akifika anakuta sahani imefunikwa.

Mbaraka alibanwa na kifua siku mbili, ya tatu tukamzika. Mwanahawa akaingia eda, ya miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yake inayotazamana na duka langu ukuta kwa ukuta, katikati ni njia ya mbuzi tu. Na honi ikawa kimya.

Mashine nayo ikazidi kuzeeka. Unaiwasha, unakwenda kupika chai, unakunywa, unarudi, bado inajikuna. Mke wangu Somoe akaniambia, "Nunua nyingine, hiyo imechoka kama sisi." Nikamjibu kwamba kitu hakitupwi kwa sababu kimezeeka, kinabadilishwa matumbo. Nikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, nikamwona fundi mmoja, akaniuzia mazabodi mpya, ndilo lile bamba linaloshika kila kitu, na prosesa yake, ndio ubongo, na ramu mbili, ndizo kumbukumbu. Fundi akaniambia, kwa adabu kabisa, "Mzee, lete sanduku lenyewe nikufungie, kazi ya saa moja." Nikamwambia, "Kijana, mimi nimefunga minazi miwili iliyopasuliwa na radi ikasimama mpaka leo. Nionyeshe mara moja." Akanionyesha mara moja.

Nilifunga mlango wa duka Jumatatu mchana, nikafungua ubavu wa sanduku. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka, na juu ya ule ubongo wa zamani mlikuwa na mifupa ya mjusi, mizima, kichwa kimeinuka kana kwamba alikuwa akisikiliza kitu alipokufa. Nikasema bismillahi nikamtoa kwa karatasi. Kila waya niliouchomoa niliufunga kipande cha ukili kilichotiwa rangi, mwekundu kwa mwekundu, kijani kwa kijani, kama Somoe anavyopanga mkeka wake, na kila waya ulirudi mahali pake. Hapo sikukosea, na nataka iandikwe hivyo. Diski ya zamani, yenye kazi zote za Mbaraka, niliiacha mle mle.

Jumanne alfajiri, saa kumi na mbili, nikaiwasha. Ikapiga mlio mmoja, kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno meupe ya Kiingereza, mengi, yakasimama yakanisubiri. Mimi nikayasubiri pia. Mwisho nikabonyeza, nikabonyeza tena, yakaondoka, na mashine ikawaka kama umeme wa radi. Chai yenyewe sikuwahi kuibandika. Nilicheka peke yangu mle dukani.

Wa kwanza kuja alikuwa Mwalimu Edina, binti kutoka Bara anayefundisha shule yetu, analeta mtihani wa watoto nimtolee kopi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tazama kazi ya mtu wa darasa la pili."

Akatazama, akasifu, na alisifu kweli. Halafu akauliza, "Ilipowaka mara ya kwanza, haikukuuliza kitu?"

"Iliniuliza."

"Ukaijibu nini?"

"Nikaibonyeza ikanyamaza. Mwalimu, chukua mtihani wako, watoto wanakungoja."

Hapo, ndugu zangu, ndipo palipo mzizi wa yote. Ningemwambia yule binti "sijui, nisomee," dakika moja ingetosha. Lakini mdomo huu haukuzoea neno hilo.

Saa nane mchana siku ile nilikuwa nimejinyoosha kwenye mkeka nyuma ya kaunta. Mnaijua saa nane ya kwetu: kuku wamejilaza kivulini, makuti hayatikisiki, hata mtoto halii. Nikasikia juu ya paa kikohozi kidogo.

"Asalaam alaykum, wana Baleni. Tangazo, tangazo. Gari la nazi linaingia leo. Kila mwenye nazi aziweke njia panda. Na wewe Mwanahawa, niwekee chakula, nakuja."

Sikuinuka. Niliuona mkono wangu wenyewe umesimama vinyweleo, nikawa nautazama kama mkono wa mtu mwingine. Nje nikasikia mlango mmoja unafungwa, na mwingine, na mwingine, mchana kweupe.

Mnadhani watu hawakwenda njia panda? Walikwenda. Wale waliokuwa mashambani, walioisikia kwa mbali, miguu yao ilitii kabla ya akili, miaka yote wakiisikia sauti hiyo wanabeba nazi, wakabeba. Alasiri nilipopita, njia panda palikuwa na marundo ya nazi yamepangwa kila mtu na lake, na wenyewe wamesimama kando hawatazamani, maana walipofika pale ndipo kila mmoja alipokumbuka ni nani aliyewaita. Gari halikuja. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuzichukua nazi zake.

"Umefanya nini kwenye kile chombo?" Somoe aliniuliza.

"Nimekifunga. Kimekaa sawasawa."

"Basi nenda kamtazame mdogo wako."

"Ana nini?"

"Amepika muhogo wa nazi. Ameandaa sahani mbili."

Nilikwenda. Mwanahawa alikuwa amekaa juu ya mkeka na nguo zake za eda, sahani moja mbele yake, ya pili imefunikwa kwa kawa, na amejitanda vizuri kama mtu anayengoja mgeni. Uso wake ulikuwa mtulivu, na utulivu ule ndio ulionitisha. Akaniambia, "Kaka, kasema anakuja, lakini mpunga umekwisha. Nimepika huu huu muhogo, anaupenda." Nikafungua mdomo nimwambie kwamba ile ni mashine. Lakini ningemwambia mashine imefanyaje, hali mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha jisifu kwamba nimeifunga bila kosa? Nikakaa naye mpaka muhogo ukapoa.

Jumatano saa nane ile ile, kikohozi kile kile. "Tangazo, tangazo. Kuna msiba. Bibi Tatu binti Shaame hatunaye. Maziko leo baada ya adhuhuri." Bibi Tatu tulimzika miaka kadhaa nyuma, mihogo ya kaburini kwake ilikwisha vunwa mara tatu. Mwanawe wa kiume alikuwa akikata kuni nje, akaliacha shoka katikati ya gogo, akaenda moja kwa moja makaburini akahesabu makaburi. Na mwisho wa tangazo: nakuja. Na kule ng'ambo ya njia ya mbuzi nikasikia kawa linafunikwa juu ya sahani.

Jioni hiyo Somoe akaniambia Mwanahawa hali tena chakula chake, anangoja wale pamoja, na ameanza kuuliza kama eda inamhusu mwanamke ambaye mumewe anarudi. Hapo nikajua sina siku nyingi. Ndugu yangu alikuwa anatutoka polepole, amekaa kwenye mkeka wake, na aliyemtoa ni mimi, ila sikujua nimemtoa kwa njia gani.

Sasa sikilizeni akili ya mtu mwenye kiburi. Badala ya kumwita mwenye kujua mashine, nilimwita Maalim Jabu, msomaji wetu wa dua, aje aisomee.

Alhamisi baada ya adhuhuri duka langu lilijaa mpaka uwanjani. Maalim Jabu alikuja na chetezo cha ubani, na mrashi uliojaa marashi ya waridi, na wasomaji wanne. Mimi, kwa akili yangu mwenyewe, nilikuwa nimeufungua ubavu wa sanduku ili dua iingie mpaka ndani, na nikasema iachwe inawaka, maana mgonjwa anasomewa akiwa macho. Mwalimu Edina alikuja mbio kutoka shuleni, kajifunga kanga kichwani kwa heshima, na karatasi mkononi.

"Mzee, naomba nikuonyeshe kitu hapa chini ya mtihani."

"Mwalimu, hapa panasomwa."

"Basi angalau uzime umeme."

"Panasomwa!"

Akarudi nyuma akasimama karibu na nguzo. Moshi wa ubani uliingia ndani ya lile sanduku kwa mbele na kutoka kwa nyuma, feni ikiuvuta na kuutema taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na wasomaji wakaona, na sauti zao zikaanza kupungua. Maalim Jabu peke yake ndiye aliyeendelea. Ikafika saa nane.

Kikohozi.

Safari hii hatukuwa mbali, tulikuwa chini yake. "Asalaam alaykum, wana Baleni. Leo sina habari ya msiba wala ya gari. Nimeamka salama, nikaona niwasalimu tu. Na wewe Mwanahawa, niwekee chakula..."

Maalim Jabu hakufanya kitu, na hilo naliweka wazi, yule mzee wa watu alikuwa akinyunyiza matone hewani kwa ustaarabu. Ni mimi niliyempokonya mrashi, nikaung'oa kifuniko, nikaumimina wote ndani ya lile sanduku.

Likalia kama kaango la mafuta. Cheche ya buluu ikapita juu ya mazabodi yangu mpya, kioo kikajaa rangi, na sauti ya Mbaraka ikakwama kooni: "Nakuja... nakuja-nakuja-nakuja-kuja-kuja-kuja..." haraka, bila pumzi, bila kikohozi, juu ya paa na ndani ya vifua vyetu, na haikuwa tena sauti ya mtu aliyekuwa akipenda muhogo.

Nilikimbia. Bibi kizee nilimpita hapo. Sikujua naelekea wapi, niliona mlango mmoja tu ulio wazi, nikaingia nikaufunga kwa mgongo.

Ulikuwa mlango wa Mwanahawa.

Alikuwa amesimama. Kule juu ya paa bado inasema "kuja-kuja-kuja", na mlango umefunguliwa kwa kishindo, na mtu mume ameingia, na yeye amekwisha inuka kutoka kwenye mkeka, mikono miwili mbele, kawa limeanguka chini, na uso wake, ndugu zangu, sijauona uso ule tangu siku ya harusi yake. Halafu akaniona ni mimi. Niliutazama uso ule ukizimika.

"Ni wewe, kaka," akasema.

Nilikuwa nimelowa marashi na nanuka ubani. Akanisogelea, akanivuta harufu begani, polepole.

"Ndivyo alivyonukia mlipomtoa," akasema. Na hapo ndipo alipokaa chini na kulia, kilio kile cha kwanza ambacho siku ya maziko hakukilia, na honi juu ya paa ikakatika.

Ilikatika kwa sababu Mwalimu Edina alikuwa ameingia mle dukani peke yake, watu wazima wote tumetawanyika kwenye mihogo, akachomoa waya ukutani. Basi. Nilipotoka nje kijiji kilikuwa kinarudi mmoja mmoja, kinapangusa magoti, na yeye amesimama mlangoni kwangu ameinua ile karatasi ya mtihani.

"Mazabodi mpya haijui leo ni lini mpaka iambiwe," akawaambia. "Ndicho ilichomuuliza mzee Jumanne. Haikuambiwa, ikaanza kuhesabu tangu mwaka iliotengenezwa, tangu saa sita ya usiku, na yeye aliiwasha alfajiri. Tazameni tarehe ambayo mashine imeipiga chapa hapa chini ya mtihani. Matangazo ya marehemu yote yamo kwenye diski na tarehe zake, mashine ikaona siku zile ndiyo kwanza zinafika. Saa mbili yake ndiyo saa nane yetu."

Mwana wa Bibi Tatu, yule aliyehesabu makaburi, akasema kwa sauti ya taratibu, "Kwa hiyo Mzee Hatibu amekimbia kalenda."

Walicheka. Walicheka mpaka wakashikana mabega, kicheko cha watu waliokuwa na hofu siku tatu, na Maalim Jabu akaokota mrashi wake mtupu akaniuliza mbele ya wote, "Mgonjwa amepona?" Mazabodi ilikuwa imeungua, prosesa imeungua, duka linanukia kama chumba cha biharusi. Mpaka leo wakinisalimu wanauliza tarehe.

Aibu hiyo niliimeza. Iliyonikaa kooni ni nyingine.

Diski ilikuwa imepona, Mwalimu Edina aliniambia, marashi hayakuifikia. Niliifunga kwenye kitambaa nikaiweka mpaka eda ya Mwanahawa ilipokwisha, naye alikuwa amerudi kula, amerudi kuteta na wifi yake. Nikampelekea.

"Sauti yake imo humu yote," nikamwambia. "Mwalimu atakutilia kwenye simu, ukimtamani unamsikiliza."

Akaipima mkononi, akanirudishia.

"Kaka, mimi nimemzika mara mbili. Mara ya kwanza mlipomtoa hapa. Mara ya pili ulipoingia wewe mlangoni. Ya tatu siiwezi."

"Basi nitaiweka mimi."

"Uiweke ya nini? Wewe ndiye hujamzika hata mara moja." Hakusema kwa ukali. "Watu wanadhani ulinunua matumbo mapya kwa ubahili, ili usinunue sanduku jingine. Mimi nakujua. Na honi ile imemtangaza kila maiti wa Baleni. Mbaraka ilimtangaza lini?"

"Nilituma watu kwa miguu, nyumba kwa nyumba."

"Ulituma watu," akasema, akaingia ndani kuandaa chai.

Kesho yake, saa mbili asubuhi, nilichomeka kipaza sauti moja kwa moja kwenye ile honi, bila kompyuta. Wale waliokuwa wakipita walisimama tayari kucheka.

"Asalaam alaykum, wana Baleni. Hatibu huyu. Kuna msiba. Mbaraka, shemeji yangu, rafiki yangu, hatunaye. Maziko yamekwisha, msije. Nilichelewa kuwaambieni."

Hakuna aliyecheka. Kutoka kwenye mihogo kule mbali mtu mmoja akaitika, inna lillahi, na mwingine kwenye minazi akaitika, na sauti ya mwanamke nyuma ya ukuta, ng'ambo ya njia ya mbuzi, ikaitika ya mwisho.

Basi mimi nimeapa, na nyie mlionicheka ndio mashahidi wangu: atakayenifia tena nitamtangaza siku ile ile, kwa mdomo wangu huu huu, hata sauti ikikatika katikati mkanisikia.